Niliambiwa nikanyonyeshe chooni: je, mwenye mkahawa ana haki hiyo kisheria?

Mama Salha, Likoni (muulizaji)

Assalaam alaykum, na habari za jioni kwa ndugu zangu wote. Ninaomba ufafanuzi wa kisheria kutoka kwa wanaoijua sheria ya Kenya, kwa sababu jambo lililonipata wiki iliyopita limenikosesha usingizi, na jibu nililopewa sikuliamini.

Jumanne nilivuka feri pamoja na binti yangu kumpeleka kliniki kwa chanjo ya wiki kumi na nne. Tulipotoka huko jua lilikuwa limekwisha kuwa kali, nikaingia katika mkahawa mmoja mjini, nikaagiza chai na mahamri. Mtoto alikuwa amechoka na bado anauguza paja alilodungwa sindano, akaanza kulia. Nilikuwa nimevaa buibui, nikajitanda mtandio juu yake, nikaanza kumnyonyesha. Hazikupita dakika tano, mhudumu akaja akaniambia kwamba mle ndani kuna wateja wanaume, na kwamba aidha niende chooni au nikamalizie nje. Nilimwomba aniitie meneja. Meneja alikuja, akanieleza kwa sauti ambayo meza zote za karibu ziliisikia kwamba ile ni biashara ya mtu binafsi, si ofisi ya serikali, na mwenye mali ana haki ya kuamua nini kifanyike ndani ya mali yake. Nililipa chai ambayo sikuinywa, nikatoka na mtoto analia.

Nilimnyonyesha kwenye benchi la kungojea feri, katikati ya mamia ya watu, na hakuna hata mmoja aliyenitazama mara mbili. Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza yule meneja alikuwa anamlinda nani.

Maswali yangu ni mawili. La kwanza, je, ni kweli kwamba mkahawa wa mtu binafsi unaweza kumkataza mama kunyonyesha? La pili linahusu kazi. Ninafanya kazi katika kampuni binafsi ya uwakala wa forodha, nami nimeunganisha likizo ya uzazi na likizo ya mwaka, hivyo ninarudi kazini mwezi ujao. Nilipouliza ni wapi nitakapokamulia maziwa, nilijibiwa kwamba choo cha wageni huwa kisafi na kina kufuli. Je, sheria inasema lolote?

Bi Mwanakombo, Mji wa Kale

Mwanangu, pole sana, na Mungu amkuze Salha. Sheria siijui, lakini nimenyonyesha watoto saba, nami ningependa kusema neno kabla wanasheria hawajaingia.

Nitakuambia ukweli kwamba mimi ni mtu wa kizamani, na sipendi kuona kifua cha mwanamke kikiwa wazi mbele za watu. Mwanamke wa pwani amelelewa kujistiri, na sioni aibu kulisema hilo. Lakini wewe ulikuwa na buibui na mtandio. Sasa ulitakiwa ujistiri kwa nini zaidi? Wanaolitaja jambo hili kwa jina la dini wakumbuke kwamba Qur'ani yenyewe, katika Surat al-Baqara aya ya 233, imewataja akina mama wanaonyonyesha miaka miwili kamili kwa anayetaka kukamilisha. Mwanamke hawezi kukaa nyumbani miaka miwili bila kwenda kliniki, sokoni wala kazini, na mtoto mchanga hana saa. Zamani sisi tulikuwa na bahati ya nyumba za jamaa kila mtaa. Ukiwa na mtoto analia, ulibisha hodi popote ukatandikiwa mkeka. Leo mji umekuwa wa maduka na mikahawa, basi wenye mikahawa ndio wenyeji wetu, na mwenyeji hampeleki mgeni wake chooni kula.

Wakili wa Mombasa

Dada Mama Salha, pole kwa fedheha uliyopata. Nitajibu kwa urefu, kwa kuwa maswali yako mawili yana majibu ya aina mbili tofauti, na watu wengi huyachanganya.

Nianze na la pili, ambalo sheria yake imeandikwa wazi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, katika Kifungu cha 71, inamtaka kila mwajiri aweke mahali pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa katika sehemu ya kazi. Haiwataji waajiri wa serikali peke yao, inasema waajiri wote. Sheria hiyo imekwenda mbali hadi kutaja vifaa: mahali pa kunawia mikono, jokofu au njia nyingine inayofaa ya kuhifadhi maziwa katika ubaridi, soketi za umeme kwa ajili ya mashine ya kukamulia, meza ndogo, na viti vya starehe. Na kwa jambo lako hasa, inasema kwamba mahali hapo pasiwe katika maliwato. Kwa hiyo choo cha wageni, hata kikipigwa deki mara kumi kwa siku na kutiwa kufuli la dhahabu, hakitimizi matakwa ya sheria.

Kifungu kinachofuata, cha 72, kinampa mama anayenyonyesha muda wa mapumziko kwa ajili ya kunyonyesha au kukamua, na muda huo ni nyongeza juu ya mapumziko ya kawaida ya chakula. Unahesabiwa kuwa ni muda wa kazi unaolipwa, na unajumuisha dakika anazotumia mama kwenda na kurudi, ila jumla yake isizidi saa moja katika kila saa nane za kazi. Nimewahi kukutana na waajiri wanaodhani kwamba wamefanya hisani kwa kumruhusu mama atumie saa yake ya chakula cha mchana kukamua maziwa. Hiyo si hisani. Wamemnyang'anya mapumziko mawili na kumrudishia moja.

Sasa nije kwenye mkahawa. Hapa ni lazima niwe mwangalifu, kwa sababu Sheria ya Afya inazungumza na mwajiri kuhusu wafanyakazi wake, haizungumzi na mwenye mkahawa kuhusu wateja wake. Palikuwa na Muswada wa Akina Mama Wanaonyonyesha wa mwaka 2019, uliopelekwa Bungeni na Mheshimiwa Sabina Chege, lakini Bunge lile lilimaliza muda wake mwaka 2022 bila muswada huo kuwa sheria. Je, hiyo ina maana kwamba meneja alisema kweli? Hapana, kwa sababu juu ya sheria zote ipo Katiba.

Hoja ya meneja kwamba ile ni biashara ya mtu binafsi ndiyo hoja ambayo Katiba ya mwaka 2010 iliikataa tangu mwanzo. Kifungu cha 20 kinasema kwamba Sheria ya Haki, yaani sura ya Katiba inayoorodhesha haki za watu, inaifunga dola na vyombo vyake, na inawafunga watu wote pia. Kifungu cha 27(4) kinaikataza dola kumbagua mtu kwa misingi ambayo miongoni mwake ni jinsia na ujauzito, kisha Kifungu cha 27(5) kinachukua katazo hilohilo na kulielekeza kwa kila mtu. Na "mtu" katika Katiba yetu ni pamoja na kampuni. Kwa hiyo mwenye mkahawa ana mali, na mali yake inalindwa, anaweza kufunga mlango saa anayotaka, anaweza kumtoa mlevi anayetukana watu, lakini hawezi kumtoa mteja kwa sababu ambayo Katiba imeikataza.

Utaniuliza, mbona kunyonyesha hakukutajwa katika orodha ile? Kwanza, orodha yenyewe haikufungwa, kwani imeandikwa kwa namna inayoonyesha kwamba misingi iliyotajwa ni baadhi tu. Pili, ni wanawake peke yao wanaonyonyesha, kwa hiyo kanuni inayomfukuza anayenyonyesha inamwangukia mwanamke na haimgusi mwanamume hata siku moja, na Katiba inakataza ubaguzi wa moja kwa moja na usio wa moja kwa moja. Hoja hiyo ningeisimamia mbele ya jaji yeyote bila wasiwasi. Ningeiongezea Kifungu cha 28, kinachompa kila mtu haki ya heshima yake kama binadamu kutunzwa na kulindwa, kwa sababu ulielezwa mbele ya watu kwamba mahali pako na pa mtoto wako ni chooni. Na ningemtaja mtoto mwenyewe, ambaye mara nyingi tunamsahau katika mabishano haya. Kifungu cha 53 kinampa haki ya lishe ya msingi, na kinaagiza kwamba katika kila jambo linalomhusu mtoto, maslahi yake ndiyo yatangulie.

Kuhusu hatua, andika leo, kabla kumbukumbu haijafifia, tarehe, saa, maneno uliyoambiwa, na sura ya aliyekuambia. Tunza risiti ya chai. Kisha mwandikie mwenye mkahawa, si meneja, barua fupi ukieleza yaliyotokea na unachotaka, iwe ni kuombwa radhi, au maelekezo mapya kwa wahudumu, au vyote viwili. Asipojibu, unaweza kulalamika kwa Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa. Mahakama Kuu ipo pia. Watu wengi wanaiogopa kwa sababu ya gharama, lakini Kifungu cha 22 cha Katiba kinasema kwamba hakuna ada itakayotozwa kufungua kesi ya kudai haki za kikatiba, na kwamba mahakama, ikibidi, ipokee hata maombi yasiyoandikwa kwa utaratibu rasmi. Mahakama ikiridhika, inaweza kutamka kwamba haki yako imevunjwa, kutoa amri ya kuzuia jambo hilo lisirudiwe, na kuamuru ulipwe fidia.

Msomaji wa Kisauni

Ninamheshimu Wakili, lakini ningependa tulitazame jambo hili kwa upande wa pili pia. Mwenye biashara anategemea wateja wote. Wakitokea wawili watatu wanaosema kwamba hawajisikii vizuri, afanye nini? Je, si afadhali mama aketi katika kona, au ajifunike, ili kila mmoja apate utulivu wake? Sisemi aende chooni, hilo halifai kabisa. Ninauliza tu kama hakuna njia ya kati.

Meneja wa mkahawa, Malindi

Ndugu yangu wa Kisauni, nitakujibu mimi, kwa kuwa nimesimamia mikahawa kwa miaka kumi na mmoja na malalamiko hayo yamenifikia mezani.

Mwaka 2018 niliwahi kumwambia mama mmoja maneno ya namna hiyohiyo aliyoambiwa Mama Salha, nami ninamwomba radhi mama yule hapa, ingawa huenda hatayasoma haya. Mwezi wa Mei mwaka huohuo wanawake waliandamana katikati ya jiji la Nairobi, wengine wakiwa na watoto wao vifuani, baada ya mama mmoja kueleza kwamba alitendewa vivyo hivyo katika mkahawa. Niliziangalia picha za maandamano yale, nikajiona mimi mwenyewe katika nafasi ya yule aliyekuwa analalamikiwa. Tangu siku hiyo nimebadilisha maelekezo yangu.

Sasa mama akiingia na mtoto mchanga, mhudumu wangu anamuuliza kama angependa meza yenye utulivu, mbali na mlango na moshi wa jikoni. Akikubali, anapelekwa. Akitaka kuketi katikati, anaketi katikati. Ndiyo njia ya kati ninayoijua mimi, ambapo uamuzi unabaki kwa mama. Na mteja akilalamika, anayetakiwa kuhama meza ni yule aliyelalamika, na tunamhamisha kwa adabu pamoja na chai yake. Imetokea mara mbili tu katika miaka yote hii, na mmoja wa wale wawili alirudi wiki iliyofuata kama kawaida.

Niongeze jambo ambalo wenye mikahawa wenzangu hulisahau. Sisi ni waajiri pia. Ile Sheria ya Afya aliyoitaja Wakili inatuhusu kwa wapishi na wahudumu wetu. Tuligawanya stoo ya vitambaa vya meza kwa ubao, tukatia kiti, meza, soketi na jokofu dogo, na beseni la kunawia likaunganishwa na bomba la jikoni. Ilikuwa kazi ya siku tatu kwa fundi mmoja. Wakati wasichana wetu hawahitaji chumba kile, mteja anayetaka faragha anakaribishwa, lakini hakuna anayelazimishwa kuingia.

Mama wa Mbagala, Dar es Salaam

Habari zenu majirani. Ninachangia kutoka upande wa pili wa mpaka, kwa kuwa najua wasomaji wengi hapa ni Watanzania, na mtu asije akachukua vifungu vya Kenya akaenda navyo kwa mwajiri wake wa Kariakoo.

Kwetu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika Kifungu cha 33, inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kumlisha mtoto wakati wa saa za kazi kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku. Ukiangalia saa tu, tumewazidi Wakenya. Lakini kifungu hicho hakielezi chumba, kiti wala jokofu, na hapo wao wametuzidi.

Mimi nilipokuwa nanyonyesha nilikubaliana na mwajiri wangu kwa maandishi kwamba saa moja niingie nayo asubuhi kwa kuchelewa, na nyingine nitoke nayo jioni mapema, kwa sababu kutoka kazini hadi Mbagala na kurudi mchana kungemaliza saa zote mbili barabarani. Ilinisaidia, lakini katikati ya siku maziwa yalijaa mpaka blauzi ikalowa, na sikuwa na pa kukamulia. Kwa hiyo, dada yangu wa Likoni, usikubali kupewa muda bila mahali, wala mahali bila muda. Watanzania wenzangu wanaonyimwa saa hizo wapeleke lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60, na aliyeachishwa kazi anazo siku 30 tu, kwa hiyo asikae akisubiri huruma.

Muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto

Nitaongeza upande wa afya, kwa ufupi, ili waajiri wanaosoma waelewe ni kwa nini sheria imetaja jokofu na muda.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya kwanza, kisha aendelee kunyonya pamoja na chakula kingine hadi miaka 2 au zaidi. Likizo ya uzazi ya Kenya ni miezi 3. Kwa hiyo mama anarudi kazini katikati ya kipindi ambacho mtoto hapaswi hata kupewa maji, na miezi hiyo mitatu iliyobaki inategemea kabisa kile kinachotendeka mahali pa kazi. Maziwa hutengenezwa kadiri yanavyotoka. Mama asiyekamua kutwa nzima anaumia, matiti yanakuwa magumu kama jiwe, anaweza kupata uambukizo na homa, na baada ya wiki chache maziwa yenyewe yanapungua. Maziwa yaliyokamuliwa yanaweza kukaa nje kwa muda wa saa 4 katika joto lisilozidi nyuzi 25, na katika jokofu hadi siku 4. Joto la Mombasa mchana mnalijua. Mama anayevuka feri jioni na chupa iliyokamuliwa saa tano asubuhi bila ubaridi anabeba maziwa ambayo hawezi kumpa mwanawe. Chupa ya kukamulia iliyowekwa juu ya sinki la choo nayo haifai, hata kama choo kinang'aa.

Mama Salha, Likoni (muulizaji)

Ninawashukuru nyote kutoka moyoni. Nilisubiri siku tisa kabla ya kurudi hapa ili nije na habari kamili.

Kwanza nimjibu ndugu wa Kisauni, kwa kuwa aliuliza kwa adabu. Kujifunika nilijifunika, kwa hiari yangu na kwa malezi yangu, kama Bi Mwanakombo alivyosema. Ningeombwa nihamie meza ya kona kwa maneno mazuri, huenda ningehama bila kuuliza. Lakini mama mwingine, ambaye mtoto wake anakataa kufunikwa kwa sababu ya joto, naye ana haki ileile niliyo nayo, na sitaki mtandio wangu utumike kumhukumu yeye.

Kazini nilikwenda Jumatatu nikiwa na nakala ya Vifungu vya 71 na 72. Nilimkuta afisa wa wafanyakazi, nikamsomea polepole, akaniambia kwa uaminifu kwamba hajawahi kuviona. Tulizunguka ofisi pamoja. Kuna chumba kidogo cha kuwekea faili za zamani, kina dirisha na umeme, na bomba liko mlango wa pili. Ameniahidi kwa barua pepe kwamba faili zitahamishwa kabla sijarudi na kwamba jokofu litanunuliwa. Nimemjibu kwa maandishi pia, nikataja vipindi viwili vya nusu saa nitakavyohitaji, saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Kuna wenzangu wawili wajawazito katika idara ya hesabu, nao wametia saini barua ile pamoja nami.

Mkahawa haujajibu. Barua niliipeleka mwenyewe, nikiwa na Salha mgongoni, nikaomba nigongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu, wakasita, kisha wakagonga. Nimewapa siku kumi na nne.

Wakili wa Mombasa

Umefanya vyema kuidai nakala yenye muhuri, maana wengi huisahau na baadaye huambiwa kwamba barua haikufika. Siku kumi na nne zikiisha bila jibu, niandikie faraghani, uje na risiti na nakala hiyo, nami nitakuandalia lalamiko la Tume bila malipo. Na ikiwa katika mkahawa ule palikuwa na mtu aliyeyasikia maneno ya meneja, hata kama humjui jina, andika alivyovaa na alipokuwa ameketi.

Mama Salha, Likoni (muulizaji)

Yupo. Mzee mmoja wa makamo, kanzu na kofia, meza ya pili kutoka kaunta. Nilipokuwa natoka alisimama akanifungulia mlango, akasema, "Samahani, mwanangu." Nitamtafuta.